Kumpigia Mbuzi Gitaa

Ni msemo wa watu ambao hawajajaribu.
Mimi nimejaribu. Musembi, mlinzi wa zizi, Kiamaiko,
kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi:
rungu, tochi, koti la mitumba la kifungo kimoja
na gitaa la nyuzi tano.
Uzi wa sita ulikatika siku niliyolinunua, Mlango Kubwa.
Fundi akacheka: huo utauimba kwa mdomo.

Lori la Moyale huingia saa nane usiku.
Wanashuka wamelewa barabara,
magoti yakicheza, mboni zimelala
kama tundu la kutumbukizia sarafu.
Guyo huhesabu Kiborana, mimi Kikamba,
hesabu zikikutana tunafunga lango.
Kisha kelele. Mbuzi mia mbili na kumi,
na kila mmoja analia peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza. Msinisifu, haikuwa huruma.
Ilikuwa Julai, na vidole vilitaka kazi.

Usiku wa kwanza wakanizomea.
Wa pili vilevile.
Wa tatu nikashika uzi mnene tu, chini chini,
kama mtu anayetwanga bila mwenzake,
na masikio yakageuka.
Si vichwa. Masikio:
moja mbele, moja kwangu.
Halafu jambo ambalo Guyo anakataa mpaka leo:
waliacha kucheua.
Taya zote zilisimama,
ukasikia hata Mto Mathare ukiburura taka zake.
Niliponyamaza, taya zikaendelea.
Nikapiga. Zikasimama.
Nikajiona mkuu wa bendi.

Mbwa wa pale tunamwita Deni,
maana hufukuzwa na kurudi.
Deni ana uzi wake mmoja, ule mwembamba.
Nikiugusa, huinua shingo, akavuta sauti ndefu,
kama mtu aliyeitwa ghafla
kwa jina aliloacha kulitumia.
Paka wa Rukia wa chai hageuki hata mkia.
Gitaa lingenuka samaki, tungezungumza.

Ndipo akaja yule wa kahawia, sikio limechanika,
akipenya wenzake mpaka kwenye fito.
Nikapunguza mwendo. Nikasema moyoni:
mmoja ameelewa, mmoja anatosha.
Akatoa ulimi,
akalamba nyuzi, akalamba vidole,
kimoja kimoja, kwa bidii ya mwosha vyombo.
Jasho. Alifuata chumvi.
Nilicheka mpaka Deni akabweka.
Lakini harusi zote nilizopigia Kayole na Dandora,
ni wangapi walikuja kwa ajili ya gitaa?
Walifuata pilau, na walicheza vizuri tu.

Saa kumi na moja wenye viatu vya mpira wakafika.
Kisu kikinolewa juu ya jiwe
kina sauti nzuri, nisidanganye:
kwenda, kurudi, kwenda,
karibu na ule uzi mnene.
Na masikio yakageuka,
moja mbele, moja kwa kisu.
Na taya zikasimama.

Nimekaa na jambo hilo wiki tatu.
Sijui tena nilikuwa nikiwapa nini,
utulivu, au woga wenye adabu.
Guyo anasema mbuzi ni mbuzi, lala.
Rahisi kwake, yeye hulala.

Leo nimepita tena Mlango Kubwa.
Fundi amenipa uzi wa sita kwa mkopo.
Nitautia polepole, niusikie kabla yao,
na kama una mlio wa jiwe, nitaulegeza.
Usiku lori litaingia.
Mfukoni, chini ya tochi,
nina chumvi ya shilingi kumi.